Nimefuta ile video yangu ya "JSS tano bora za Kisumu"

Najua wengi wenu mmekuja hapa kutafuta ile video. Haiko. Nimeifuta mwenyewe. Hakuna mtu ameniripoti na hakuna shule imenitisha. Ilikuwa na watazamaji elfu arobaini na kitu, video yangu kubwa kuliko zote tangu nianze hii kazi, na niliifuta nikiwa nimekaa kwa ngazi za ploti yetu hapa Nyalenda. Iliniuma, siwezi danganya. Lakini acha niwaambie kwa nini, halafu mniambie kama nilikosea.

Turudi Desemba 2025. Matokeo ya KJSEA yametoka, ya kwanza kabisa tangu mtihani huo uanzishwe. Watoto zaidi ya milioni moja nchi nzima. Kila kikundi cha WhatsApp cha wazazi hapa Kisumu kilikuwa kinawaka moto. Huyu anatuma picha ya matokeo ya mtoto wake, yule anauliza "hiyo ni shule gani?", mwingine anasema anahamisha mtoto Januari. Nikaona hapa kuna stori. Nikakusanya hizo picha, nikapiga hesabu zangu za juujuu, nikapanga shule tano za serikali kuanzia namba tano mpaka namba moja, na muziki wa kupandisha presha. Namba moja nikaivisha taji.

Zote tano ziko mjini. Zote unaweza kufika na tuktuk kutoka Kondele. Wala sikugundua.

Siku ya pili usiku binamu yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Yeye anaishi Kano, mbele ya Ahero, kwa Dani. Alikuwa Gredi ya 9 mwaka jana. Amefanya mtihani ule ule, siku zile zile, na mdogo wangu anayesoma hapa mjini. Hakusikika kama amekasirika. Alisema tu:

"Brathe, nimeona video. Iko poa. Sasa yetu uliiweka namba ngapi?"

Nilisikiliza mara tatu. Sikuwa nimeiweka popote. Kusema ukweli wa Mungu, nilipoandika neno "Kisumu" kwa kichwa cha ile video, sikukumbuka kwamba Kano ni Kisumu.

Kisumu si Oginga Odinga Street pekee

Sisi wa mji tuna hii tabia. Tukisema Kisumu tunamaanisha kutoka Dunga mpaka Mamboleo, basi. Lakini kaunti hii ina sehemu saba: Kisumu ya Kati, Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Kuna mtoto anayeenda shule akipita katikati ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Kuna wa Seme ambaye nyumbani kwao ni mawe na ziwa. Kuna wa Nyakach anayeteremka mlima asubuhi na kuupanda jioni. Kuna wa Kano ambaye mvua ikinyesha udongo mweusi unashika viatu mpaka anavivua na kuvibeba mkononi.

Wote hao wanaingia kwa neno moja: JSS za Kisumu. Na wote walikaliwa na karatasi moja.

Kwa wale mliosoma 8-4-4 kama mimi na hamjui hii kitu inavyoenda, haraka haraka. Gredi ya 7 ya kwanza iliingia Januari 2023. Mpango wa mwanzo ulikuwa hao watoto waende kwenye shule za upili. Baadaye jopo la kuangalia elimu, lile lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, likapendekeza mwishoni mwa 2022 kwamba wabaki kwenye shule za msingi. Wazazi wengi walipumua, maana mtoto wa miaka 12 hangepelekwa bweni. Lakini fikiria upande wa pili. Shule ya msingi haikujengwa na maabara. Haikuwa na mwalimu wa fizikia. Ghafla, ndani ya mwezi mmoja hivi, ikaambiwa wewe sasa pia ni sekondari.

Sasa shule ambayo tayari ilikuwa na jengo la ziada, mwalimu mkuu anayejuana na watu na wazazi wenye mfuko, ilijipanga. Ile ambayo ilikuwa inajikokota iliendelea kujikokota, ila na mzigo mwingine mgongoni.

Nilienda kuona

Baada ya ule ujumbe nilipanda mat mpaka Ahero, halafu boda. Sikubeba taa wala kamera ya maana, nilikuwa na simu tu. Shule ilikuwa imefungwa, lakini binamu yangu alinizungusha. Sitaitaja jina, na ya mdogo wangu pia sitaitaja, kwa sababu nimeshataja shule za kutosha mwaka huu.

Shule ya binamu yangu ina watoto 64 kwa JSS yote, Gredi ya 7 mpaka ya 9. Walimu wa JSS ni 3. Madarasa ni 3, moja jipya na mawili yaliyokuwa ya msingi. Maabara hakuna. Kuna kabati ya chuma ndani ya ofisi, na ndani ya hiyo kabati kuna mirija michache ya vioo, sumaku mbili na chupa ambazo maandishi yake yamefutika.

Shule ya mdogo wangu mjini ina watoto 540 kwa JSS. Walimu ni 10. Madarasa ni 6, kwa hiyo kila darasa lina watoto 90. Tisini, wasee. Mdogo wangu aliniambia akikaa nyuma haoni ubao, anaona migongo. Lakini kuna chumba kimeandikwa MAABARA mlangoni, kina sinki tatu na maji yanatoka kwa mbili.

Hapa ndipo nilikaa chini na kalamu, kwa sababu mimi hesabu nilipata C lakini hii hata C inaweza.

JSS ina vipindi 40 kwa wiki kwa kila darasa. Kwa binamu yangu, madarasa 3 mara vipindi 40 ni vipindi 120. Gawanya kwa walimu 3, kila mmoja ana vipindi 40. Maana yake mwalimu anaingia darasani kila kipindi, kila siku, kuanzia Jumatatu asubuhi mpaka Ijumaa jioni, bila kipindi kimoja cha kusahihisha vitabu. Akiugua malaria siku mbili, darasa zima linakaa bure siku mbili.

Kwa mdogo wangu, madarasa 6 mara 40 ni 240. Gawanya kwa walimu 10, unapata 24 kila mmoja. Huyo mwalimu anaweza kupumua. Anaweza pia kufundisha kile alichosomea.

Na hapo ndipo kuna siri. Masomo ya JSS ni 9: Kiingereza, Kiswahili, Hesabu, Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, ile Pre-tech ya ufundi, Sanaa Bunifu na Michezo, pamoja na Dini. Walimu 3 kwa masomo 9 maana yake kila mmoja ana matatu. Kwa binamu yangu, mwalimu aliyesomea historia na dini ndiye alikuwa anafundisha sayansi. Huyo mwalimu simlaumu hata kidogo. Binamu yangu anasema alikuwa anasoma usiku ili kesho yake awafundishe, na mara nyingine alikuwa anawaambia wazi, "hii tutaifute pamoja." Mtu kama huyo unamweka namba ngapi?

Pesa ni sawa, lakini si sawa

Mtu atasema, sasa serikali si inatuma pesa sawa kwa kila mtoto? Ndio. Na hapo ndipo mimi mwenyewe nilikuwa nimepotea.

Mtoto wa JSS ametengewa takriban shilingi 15,000 kwa mwaka. Wa shule ya msingi ni 1,420, na wa upili 22,244. Kwa hiyo JSS hawakusahaulika. Kwenye karatasi, kila mtoto wa kaunti hii ana 15,000 zake, awe Milimani au awe Kano. Hiyo ni usawa, ama?

Piga hesabu tena. Watoto 540 mara 15,000 ni shilingi milioni 8.1. Watoto 64 mara 15,000 ni 960,000. Na hiyo ni kama pesa zote zimefika na zimefika kwa wakati.

Sasa darubini moja haijui shule ina watoto wangapi. Bei yake ni ile ile. Paa linalovuja linataka mabati yale yale. Mlinzi wa usiku anataka mshahara ule ule. Shule kubwa ikinunua kitu, inagawanya gharama kwa watoto 540. Ndogo inagawanya kwa 64. Kwa hiyo hizi pesa zilizo sawa kwa kila kichwa zinamjengea mtoto wa mji maabara yenye sinki tatu, na mtoto wa Kano zinamletea kabati ya chuma.

Sisemi shule ya mji ipunguziwe. Watoto 90 kwa darasa si anasa. Ninachosema ni kwamba pesa zinapohesabiwa kwa vichwa peke yake, shule ndogo itakuwa nyuma daima, hata ikiwa na mwalimu mkuu malaika. Na shule ndogo ziko wapi? Si Milimani.

Kuna na historia pia. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, na mji ukakua kando yake. Enzi za mkoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Majina kama M.M. Shah na Arya yenyewe yanakukumbusha ni jamii gani ilijenga shule katikati ya mji huu. Leo ni za umma na ni za kila mtu, vizuri sana. Lakini ukuta wa mawe, uwanja mkubwa na barabara ya lami mlangoni ni urithi. Shule iliyoanzishwa na wanakijiji kwa harambee, chini ya mti, haikurithi hivyo. Mimi nilipoiweka shule taji, nusu ya hilo taji nilikuwa namvisha fundi wa mawe aliyekufa zamani.

Mwaka ambao mto uliingia darasani

Kuna kitu kingine ambacho orodha yangu haikuwa na mahali pa kukiweka.

Mnakumbuka mvua ya 2024? Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe tarehe 29 Aprili, ukasogezwa, ukasogezwa tena, mpaka 13 Mei. Hapa mjini sisi tulilalamika, tukaangalia mitandao, mdogo wangu akacheza gemu wiki mbili za ziada. Kule Kano mto Nyando ulitoka njia yake. Familia zilihamia kwenye madarasa na magodoro, kuku na masufuria. Shule ya binamu yangu ilifunguliwa kwenye kalenda, lakini darasani kulikuwa na watu wanalala. Kwao shule ilianza Juni.

Mwaka ule ule walimu wa intaa wa JSS waligoma. Sitawalaumu pia. Kuna wenye digrii kati yao, walikuwa wanalipwa shilingi 20,000 kabla ya makato, na mahakama yenyewe ilisema Aprili 2024 kwamba kuwaajiri hivyo hakukuwa halali. Elfu 46 wao waliajiriwa kabisa Januari 2025. Lakini wakati wa mgomo, shule yenye walimu 10 ambao watatu ni intaa ilibaki na saba. Kwa binamu yangu, wawili kati ya watatu walikuwa intaa. Alibaki mmoja. Mgomo mmoja, nchi moja, na pigo tofauti kabisa.

Yeye alikuwa Gredi ya 8 hapo. Mwaka mmoja baadaye akakalia mtihani, na mtihani haukumuuliza maji yalifika wapi.

Kile mtihani unaona

Tuwe wa haki kwa KJSEA. Si kama KCPE ya zamani, ile ya siku tatu kuamua maisha. Mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 ni asilimia 60. Ile KPSEA ya Gredi ya 6 inachangia 20, na kazi za shuleni zinachangia 20. Kila somo linapewa kiwango, kuanzia EE1 ambayo ni pointi 8 mpaka BE2 ambayo ni pointi 1. Masomo 9, juu kabisa ni pointi 72. Na matokeo yanatoka bila orodha ya shule bora. Hiyo orodha tunaitengeneza sisi.

Na hatukuanza leo. Wizara ilipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo ya mtihani mwaka 2014. Hata majirani zetu Tanzania, NECTA ilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne Januari 2023, iliacha kutaja shule kumi bora. Sisi wenye simu tukaokota kile wakubwa walitupa, tukaweka muziki.

Binamu yangu alipata EE2 kwa Kiswahili. Dani alikuwa anamwambia kila mtu sokoni Ahero, hata wauza mchele wasiomjua. Hesabu alipata ME1. Kilimo na Lishe EE2, kwa sababu shule yao ina shamba na walipanda sukuma na kunde kweli, si kwenye kitabu. Halafu Sayansi Jumuishi, AE1.

Anataka kuwa muuguzi. Amesema hivyo tangu akiwa mdogo, tangu siku alipompeleka Dani kliniki na kuona vile muuguzi alimshika mkono. Alitaka kuingia Sekondari Pevu kwa mkondo wa STEM, shule yenye maabara ya maana. Mwezi huu wa Januari 2026 ameanza Gredi ya 10, shule ya kutwa karibu na nyumbani, mkondo wa sayansi ya jamii. Si mwisho wa dunia, na mimi si mtu wa kudharau shule za kutwa, nimetoka huko. Lakini nilimuuliza kuhusu ile AE1, ilikuwaje.

Akacheka. Akasema, "Waliuliza mambo ya maabara. Mimi ile Bunsen burner nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu aliichora ubaoni. Mara ya pili ilikuwa kwa ile shule ya upili tulipelekwa, na gesi ilikuwa imeisha."

Serikali ilisema JSS isiyo na maabara itumie ya shule ya upili iliyo karibu. Karibu kwao ni kilomita nne kwa miguu. Walienda mara mbili kwa miaka mitatu.

Na mdogo wangu, mwenye maabara na mwalimu wa sayansi? Alipata ME2 karibu kila mahali. Sawa tu. Mama aliuliza mwalimu wake wa darasa kama kuna kitu mtoto anapenda, kuna kitu anafaa kutiwa moyo. Mwalimu alikuwa mpole, lakini ilibidi aangalie daftari kukumbuka ni mtoto gani. Kati ya 90, utamlaumu? Kule Kano mwalimu anamjua binamu yangu kwa jina, anajua kwao, anajua Dani anaumwa na goti.

Kwa hiyo niambieni. Kati ya hizi mbili, bora ni gani?

Lakini mzazi atajuaje?

Najua mtakachosema, kwa sababu mliniandikia. "Bila orodha shule mbovu zitajificha." "Ushindani ndio unafanya walimu waamke." "Mzazi ana haki ya kujua anapeleka mtoto wapi."

Hiyo ya tatu nakubali mia kwa mia. Sitaki tuache kulinganisha. Kuacha kulinganisha ni kumsaidia yule anayetaka tusione tofauti. Binamu yangu hakuniambia nifute video. Aliniuliza shule yao iko namba ngapi. Alitaka kuonekana.

Shida ni kile tunachopima. Tukilinganisha pointi za watoto, tunamlaumu mtoto na mwalimu kwa kitu ambacho hawakununua. Tulinganishe kile mtoto amepewa, kwanza. Nimejiandikia maswali matano, na kuanzia sasa nikienda shule yoyote ya kaunti hii, haya ndiyo nitauliza:

1. Walimu wa JSS ni wangapi, na wangapi wanafundisha somo walilosomea? Swali hili peke yake lingegeuza orodha yangu juu chini.

2. Watoto wangapi kwa darasa moja? Hapa shule nyingi za mji zitaona aibu, na zione tu.

3. Kwa muhula, mtoto ameshika kifaa cha maabara kwa mikono yake mara ngapi? Msiniambie maabara ipo. Mlango ulioandikwa MAABARA na kufuli juu yake si maabara.

4. Kuna maji, na vyoo vya wasichana vina mlango? Muulize msichana yeyote wa Gredi ya 8 atakuambia siku gani za mwezi hakuja shule.

5. Waliingia wangapi Gredi ya 7, na wamebaki wangapi Gredi ya 9? Shule inaweza kupata wastani mzuri kwa sababu wanyonge walishaenda kuvuta nyavu ufuoni au kuuza omena.

Ukishajibu hayo ndio ulete pointi. Shule yenye walimu 3 na mto uliingia darasani ikitoa EE2 ya Kiswahili, hiyo si shule ya kuachwa nje ya video.

Tumpigie nani kelele?

Hapa vijana wengi tunakosea. Nimeona mkimrushia gavana maneno kuhusu JSS. Kwa Katiba ya 2010, kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani. Msingi, JSS na upili ni za serikali ya kitaifa. Walimu ni wa TSC. Madarasa mengi hujengwa na Wizara au kwa NG-CDF ya mbunge wako. Kwa hiyo ukitaka maabara Kano, huyo mbunge ambaye anakuja matanga kila Jumamosi na kushika maikrofoni, muulize mbele ya watu.

Na kuna silaha nyingine ambayo ni ya bure na hatuitumii. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mkenya yeyote anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma kuuliza habari, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Walimu wangapi wametumwa sehemu gani, pesa kiasi gani zimefika shule gani. Hauhitaji wakili. Unahitaji karatasi na moyo wa kurudi tena wakikuzungusha. Mimi nimeandika yangu, kuhusu idadi ya walimu wa JSS kwa sehemu zote saba za kaunti. Nimepeleka wiki iliyopita na nimegongewa muhuri kwenye nakala yangu. Zikija takwimu nitaziweka hapa, nzuri au mbaya. Wasiponijibu, nitaweka barua.

Sasa nawaomba kitu. Kama una ndugu au dada kwa JSS yoyote ya serikali Kisumu hii, kuanzia Kombewa mpaka Sondu, mfanyie yale maswali matano jioni hii. Usimtaje mwalimu kwa jina, usimpige mtoto picha. Niletee majibu tu. Nataka kutengeneza ramani, si orodha. Ramani haina namba moja na haina taji, lakini inaonyesha pale penye shimo.

Jana binamu yangu alinipigia. Shule yao mpya ina maabara, ndogo, na mwalimu wa sayansi ameambia wale wa mikondo mingine wanaotaka kuja Jumamosi waje. Ameenda mara moja. Nikamuuliza gesi ilikuwepo.

"Ilikuwepo," akasema. "Nimewasha mwenyewe."